Mvuje kwenye Vitambaa vya Mbweha

Leo naisimulia huku nacheka, na shoga yangu wa saluni akinisikia hushika mbavu. Lakini wiki ile, wallahi, hakuna aliyeyaona meno yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Tanga, nimezeekea Johannesburg, na kibanda changu kimo ndani ya lile jengo kubwa la maduka pale Fordsburg, kati ya muuza vifuniko vya simu na saluni ya shoga yangu huyo, Mkongo wa Bukavu. Nashona madira, kanzu, sare za shule, mapazia, chochote kinachopita chini ya sindano. Watu husema nina mdomo. Ninao. Mteja akiniletea kitambaa cha mita mbili anataka gauni la mita nne, namwambia aende kwanza akapunguze mwili, kisha arudi. Na wanarudi, kwa sababu mshono wangu haufumuki.

Jambo jingine mnijue nalo: siulizi maswali. Namtazama mtu, naitazama nguo, najua. Binti yangu husema hiyo si sifa, ni ugonjwa. Nilikuwa nambishia.

Huyo binti ndiye wangu wa pekee. Kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hadi matusi, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika anachanganya na Kizulu. Mumewe ni kijana wa Kitanzania, dereva wa malori ya Lusaka na Lubumbashi, mtu wa adabu, ambaye kuniita mama hachoki. Mwaka ule binti alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilifika miezi ya mwisho, na watoto wote wawili wakazaliwa hawapumui. Wa kwanza wa kiume, wa pili wa kike. Zaidi ya hapo siwezi kueleza, hata sasa. Hii ya tatu ilipoingia mwezi wa sita, daktari akaona presha inapanda, akamwambia alale, asinyanyue hata ndoo. Basi akahamia kwangu Kensington, hapo hapo Johannesburg, chumba cha mbele. Nikawa naamka roho juu, nalala roho juu. Akikohoa nauliza, "Vipi?" Akinyamaza nauliza, "Mbona kimya?" Maskini, nilimchosha mtoto wa watu, na mtoto mwenyewe ni wangu.

Pale kitandani alikuwa na kazi moja tu, kutazama katuni za Kijapani kwenye simu. Anazipenda tangu yuko shule. Ukuta mzima alikuwa amebandika picha: mbweha weupe wenye mikia mingi, paka aliyesimama kwa miguu miwili na mkia uliopasuka pande mbili, na mnyama mmoja mnene, sura ya mbwa, tumbo kama mtungi, kajiwekea jani kichwani. Nikamwambia mwanamke mjamzito hatazami madude kama yale, mtoto atatoka na sura yao. Akacheka. Akanieleza kwamba si madude, ni wanyama wa hadithi za huko. Yule paka amezeeka mno ndani ya nyumba mpaka akaota akili za binadamu. Yule mwenye jani akishaliweka kichwani anajigeuza anavyotaka, leo birika, kesho mtu na heshima zake. Nikamwambia, "We mtoto, mimi natoka Tanga. Habari za viumbe wanaojigeuza sisi ndio tunaofundisha." Kisha nikamfunika yule paka kwa taulo.

Sasa niwaambie habari za bibi wa Kijapani. Alikuja kibandani kwangu asubuhi moja ya katikati ya wiki, mfupi, mkongwe, kofia ya jua kichwani na sweta limefungwa vifungo vyote. Nilimjua kwa sura, maana Kensington anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu, na tukikutana dukani kwenye mkate tunasalimiana kwa kichwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokotea njiani kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri kabisa. Akatoa kwenye mfuko kitambaa kidogo chekundu, kimepaushwa na jua mpaka kimekuwa rangi ya tikiti maji, kina kamba mbili za kufungia shingoni. Ni kile wanachovishwa watoto wachanga udenda usiwaloweshe kifua. Akaninyooshea vidole viwili. Anataka viwili, vyekundu vile vile. Zamani alishona mwenyewe, akasema, ila sasa vidole havishiki sindano. Akaniachia na kipande cha uzi alichopimia shingo.

Nikautandaza uzi kwenye futi yangu. Mashallah, shingo nene! Hapo hapo nikajua: bibi kapata wajukuu, tena mapacha, tena wamenona. Sikuuliza. Nikampa hongera, naye akainama, nikasema moyoni, unaona, furaha imemzidi mpaka inamwinamisha.

Hapa lazima niseme jambo moja la kazi yangu. Kwetu mtoto mchanga haachwi hivi hivi. Anafungiwa mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka kuliko soksi za mcheza mpira. Unaviringwa kwenye kitambaa cheusi, unafungwa mkononi au shingoni, ili jini au kiumbe chochote kisichoonekana kikimsogelea kikimbizwe na harufu. Wahindi wa Fordsburg wanautia kwenye dengu, sisi tunawafungia watoto. Mama yangu alikuwa fundi pia, na nguo ya mtoto haikutoka mkononi mwake bila punje ya mvuje kushonewa ndani ya pindo. Nami nafanya vivyo hivyo. Mteja awe Mwislamu, awe wa kanisa la ngoma na mavazi meupe, simwambii. Ni sadaka yangu. Hata nguo za wale wajukuu wangu wawili nilizitia. Hazikuvaliwa.

Kwa mapacha wa bibi nilichagua punje kubwa, moja kila kitambaa, maana mapacha wanaonewa kijicho mara mbili. Nikapiga mshono juu, mshono chini, nikapiga pasi. Vilipendeza kweli.

Ijumaa jioni, jua bado lipo, nikavipeleka mwenyewe kwake, kwa vile ni njiani. Akanifungulia geti, akanishika mkono, akanizungusha hadi bustani ya nyuma. Nikawa natafuta kwa macho kibeseni, nepi kwenye kamba, kigari cha watoto. Hakuna. Kulikuwa na kijumba kidogo cha mbao chini ya mti wa limau, kimepakwa rangi nyekundu, na mbele yake wameketi mbweha wawili wa jiwe. Masikio juu, pua ndefu, macho membamba ya mtu anayejua siri yako. Mbele yao kisahani chenye vipande vya soya vilivyokaangwa. Bibi akawafungua vitambaa vyao vya zamani, akawafunga vyangu, mmoja baada ya mwingine, akavinyoosha kifuani. Akarudi hatua mbili nyuma, akapiga makofi mawili, akainama.

Mimi nimesimama na mkoba wangu, mdomo wazi.

"Watoto wako wapi?" nikauliza. Mara yangu ya kwanza kuuliza, na nimeshachelewa.

"Watoto?" Akanitazama, akanyoosha mkono kwa mbweha. "Ni hawa."

Akanieleza polepole. Marehemu mumewe alikuwa na duka la mbegu hapa Johannesburg, na mbweha hao aliwaleta kwa meli kutoka mji wa kwao. Si miungu, akasema. Ni matarishi wa yule anayeangalia mpunga na biashara, na wanaona ambayo watu hawaoni. Miaka na miaka walikaa mlangoni pa duka. Duka lilipofungwa, mume akawahamishia bustanini, na alipofariki, bibi akabaki nao. Kila vitambaa vikipauka anawashonea vingine. Nikawa naitikia, "Sawa, sawa, sawa," huku kijasho chembamba kinanitoka kwenye ushungi. Kisha nikaaga. Mtaa wa tatu ule niliuvuka kama nafukuzwa.

Binti yangu alicheka mpaka nikahofia tumbo.

"Ma! Umewavisha mbweha mvuje? Yaani umemfungia kiumbe wa ajabu dawa ya kufukuza viumbe wa ajabu?"

"Nyamaza! Niambie hao ni watu gani."

Akajifuta machozi, akaniambia. Hao weupe wa milangoni ni wema, ni walinzi na wajumbe. Wapo wengine wa mashambani, wajanja, wanajigeuza wanawake wazuri, wanaolewa, wanazaa, hadi siku mkia unapochungulia chini ya nguo. Wengine humwingia mtu mwilini wakasema kwa kinywa chake. Nikamwambia hayo hata kwetu yapo. Ila mbweha, akasema, ana jambo moja: hasahau. Ukimtendea wema anakulipa, na watoto wako anawalipa.

"Na ukimkosea?"

"Analipiza."

"Kwa nani?"

Bado alikuwa anacheka. "Kwa ukoo mzima, Ma."

Yeye alilitamka kama anayesimulia katuni. Mimi nililala nalo usiku kucha.

Kesho yake nikamhadithia shoga yangu wa saluni. Alicheka kwanza, kitana kinamwanguka mkononi. Halafu akakaza uso. "Mama, ile haiko muzuri. Uliendaka kufukuza mulinzi mu nyumba ya benyewe!" Akaniahidi kuniweka kwenye maombi ya kanisani kwao. Nikamwambia asinitaje kwa habari ya mbweha, aniweke tu kama mama mwenye shida.

Jumatatu alfajiri binti akaamka uso umevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona nyota. Tukakimbilia hospitali. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, akaniambia mtoto itabidi atolewe kabla ya wakati, zimebaki wiki sita. Watamchoma mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, watasubiri kidogo wakiweza, kisha watafanya upasuaji. "Na mtoto?" nikauliza. Akasema watafanya kila wawezalo. Maneno hayo nilishaambiwa mara mbili.

Nikampigia mkwe wangu. Alikuwa Beitbridge, mpakani na Zimbabwe, kwenye foleni ya malori isiyosogea, mbele kumefungwa, nyuma kumefungwa. "Mama, nifanyeje?" Nikamwambia aombe dua, na asiniulize lolote. Kisha nikajilaumu kwa kumjibu hivyo.

Jumanne saa tatu asubuhi wauguzi wakanitoa wodini. Niende nyumbani, wakasema, saa za kuona wagonjwa ni alasiri, na kukiwa na lolote watapiga simu. Nikatoka. Kazi siwezi, kukaa siwezi, chai hainiingii. Na nisiwafiche, niliogopa. Najua jiwe halidhuru wala halinufaishi, nimefundishwa hivyo tangu chuo cha Kurani, nilipokuwa sijaota hata meno ya utu uzima. Nilipiga istighfari njia nzima. Lakini kujua kulikuwa kichwani na hofu ilikuwa tumboni, na wawili hao hawakuwa wanasemezana. Kila nikifumba macho naona wale mbweha wamekaa na vitambaa vyangu vinavyonuka, walinzi wa watu niliowafungia dawa ya kuwafukuza, na nasikia, "Kwa ukoo mzima, Ma." Nikachukua kamkasi kangu kadogo ka kufumulia. Nilijiambia siendi kumwomba jiwe msamaha, hasha. Naenda kurekebisha kazi yangu. Fundi haruhusiwi kurekebisha kazi?

Nikagonga geti la bibi. Nikamwambia nimepita kuangalia kama nyuzi zimeshika, jua la Johannesburg ni kali. Akafurahi, akaingia ndani kuandaa chai. Nami nikakimbilia bustanini.

Jamani, mshono wangu haufumuki! Ndicho ninachojisifia mjini kote, na siku hiyo ulinitoa roho. Kamkasi kanateleza, uzi nimepiga mara mbili kama nashona gunia. Nikapiga magoti ili nione vizuri. Ushungi ukateleza. Nikainama zaidi, pua yangu karibu na pua ya mbweha, nafukua pindo huku nasema peke yangu, "Astaghfirullahi, astaghfirullahi." Angepita Mwislamu mmoja tu wa Fordsburg akanikuta katika hali ile, habari zangu zingefika Tanga kabla ya sala ya adhuhuri.

Nikasikia vikombe vikigongana. Bibi amesimama nyuma yangu na sinia, ananitazama: fundi wake, magotini, mkasi shingoni mwa mbweha wa marehemu mumewe.

Sikuwa na uongo wa kusema. Uongo ninao mwingi, wa wateja, kwamba nguo itakuwa tayari kesho. Pale hakuna hata mmoja uliokuja. Nikaketi chini kwenye majani, nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto, nikamwambia yote. Kwamba nilidhani ni wajukuu. Kwamba nilishonea humo kitu cha kufukuza mashetani, si kwa ubaya, nafanya hivyo kwa kila mtoto. Kwamba binti yangu yuko hospitali sasa hivi, na wawili tulishazika, na kama mbweha wake wana hasira basi hasira iwe juu yangu, mimi niliyeshona, si juu ya kile kiumbe kisichozaliwa bado. Nilisema kwa Kiingereza, nikamalizia kwa Kiswahili, sijui hata alishika mangapi.

Bibi akaweka sinia chini. Akajiinamisha kwa taabu, mkono kiunoni, akakivuta kile kitambaa puani, akanusa. Uso ukamkunjamana. Kisha akaanza kucheka, cheko dogo la kuvuta pumzi, mpaka akaketi na yeye kwenye majani.

Harufu aliisikia tangu siku ya kwanza, akaniambia. Alidhani ni ya dukani kwangu, vyakula vya Fordsburg vimeingia kwenye nguo, akaona aibu kusema. Halafu akanionyesha ukuta wa jirani. Kuna paka wa jirani, shume kubwa la rangi ya chungwa. Kila asubuhi lilikuwa linakuja kuwakojolea mbweha wake, mwaka wa tatu huu. Amelimwagia maji, amelipigia masufuria, amezungumza na mwenyewe. Tangu Ijumaa, paka yule hajatia mguu.

"Usitoe," akasema. "Tafadhali, usitoe."

Nilimtumbulia macho. Sikujua nicheke au niendelee kulia, nikafanya yote mawili.

Akaniinua, ingawa ni mimi niliyemwinua yeye, tukaingia jikoni. Akaenda chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye karatasi nyembamba. Ilikuwa nguo ya mtoto, ya kwao, pamba ya buluu, mikono mipana, ya mwanawe ambaye sasa ana mvi. Akaigeuza mgongo. Chini kidogo ya shingo, katikati, palikuwa na mstari wa mishono mikubwa ya uzi mwekundu, imesimama peke yake, haijaunganisha kitu na kitu. Mimi fundi nikashangaa, mshono wa bure wa nini? Akanifafanulia kwa mikono. Nguo ya mtu mzima ina mshono katikati ya mgongo, vipande viwili vimekutana, na mshono ule ndio unaolinda nyuma pasipo na macho. Nguo ya mtoto ni ndogo, mgongo ni kipande kimoja, hakuna mshono. Kiovu kinaweza kuingia kwa nyuma. Kwa hiyo mama anakaa, anatia uzi, anamshonea mtoto ulinzi.

Nikaipitisha mishono ile chini ya kidole gumba. Ilikuwa imepinda kidogo, mishono ya mtu aliyeshona huku amechoka, na kwa ndani fundo limefungwa mara tatu. Nami nafunga mara tatu.

"Wewe ulidhani ni watoto," bibi akasema. "Ukawafanyia kama watoto. Nani anakasirikia hilo?"

Jamani. Ule mzigo ulinitoka, nasema kweli, niliusikia ukinitoka mabegani mpaka nikaegemea meza. Si kwamba nilijua tena lolote kuhusu binti yangu. Sikujua. Lakini nilirudi kuwa mama anayesubiri habari, basi, si mtu aliyemloga mwanawe mwenyewe kwa sindano. Nikainywa ile chai yote na nikaomba nyingine. Ilikuwa chungu kama mwarobaini.

Simu ikalia nikiwa kwenye kikombe cha pili. Muuguzi. Akauliza kama mimi ndiye mama, nikasema ndimi. Akasema, "Njoo sasa," na nyuma yake nikasikia vyuma na watu wanaitana, na simu ikakatika. Nikapiga tena. Haipokelewi.

Bibi hakuuliza. Alivua aproni, akachukua ufunguo wa gari. Ana kigari kidogo cheupe, cha umri wa binti yangu, na anakiendesha ameng'ang'ania usukani pua kwenye kioo. Haki ya Mungu, safari ndefu kuliko ile sijawahi kusafiri, na nilitoka Tanga kwa mabasi. Robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ikiwa ya kijani yeye anapunguza mwendo, huenda ikabadilika. Ikiwa nyekundu anasimama hatua kumi nyuma. Teksi zinatupigia honi, madereva wanatutukana matusi ya kumtoa mtu kwenye dini. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikawa nasoma kila sura niliyoihifadhi, na nilipomaliza nikazirudia.

Mlangoni pa wodi ya upasuaji muuguzi mmoja mpana, mama wa Kizulu, akanisimamisha. Nikamshika mikono yote miwili. Nikashindwa kuuliza. Mimi, mwenye mdomo.

"Gogo," akaniambia, maana yake nimeshakuwa bibi. "Ni msichana. Ni mdogo, lakini anapumua mwenyewe."

"Na mwanangu?"

"Anashonwa. Yuko salama."

Nikamkumbatia mpaka kofia yake ikadondoka. Nikamgeukia bibi wa Kijapani, nikamkumbatia na yeye, na nadhani hakuwa amewahi kukumbatiwa namna ile na mtu yeyote, maana alisimama wima kama mwiko. Kisha akanipigapiga mgongoni, taratibu.

Wakaniingiza kumwona. Alilazwa kwenye kikasha cha joto, mwekundu, mwembamba, mikono kama vijiti vya mishikaki, amefumba ngumi. Na analia! Si mlio mkubwa, lakini wa hasira, kama mtu aliyeamshwa na fujo zetu. Nikampigia baba yake. Ilipokelewa kabla haijalia mara moja. Nikamwambia, "Msichana. Mzima. Mwadhinie mwanao."

Kwa kawaida baba ndiye humshika mtoto akamsomea adhana sikioni, yawe maneno ya kwanza kuyasikia duniani. Baba yuko Beitbridge kati ya malori. Yule muuguzi mpana akafungua kidirisha cha kikasha, akaipangusa simu yangu kwa dawa, akaniruhusu. Nikaisogeza kwenye sikio la kulia, sikio lenyewe si kubwa kuliko kifungo cha shati. Nikasikia mlango wa lori ukifungwa, upepo, injini. Halafu mkwe wangu akaanza, "Allahu akbar, Allahu akbar." Akafika kwenye shahada, sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikamkatika. Wale wawili hawakuadhiniwa, maiti haadhiniwi. Ikabaki injini tu. Kisha sauti ya mwanamume mwingine, dereva mwenzake kwenye foleni, simjui hadi leo, ikalishika neno pale lilipodondoka, ikamsindikiza, na mkwe wangu akajiunga, wakaenda pamoja hadi mwisho. Mtoto hakunyamaza hata kidogo. Aliililia adhana yote.

Baadaye wakamtoa binti yangu akiwa juu ya kitanda cha magurudumu, dawa bado zimemlevya, midomo imekauka. Kabla ya kumpeleka mtoto kwenye chumba cha wachanga, wakakisogeza kikasha ubavuni mwake. Mtoto akaanza upya kulia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kumpapasa, nikaanza na ile "sss, sss" ya kubembeleza.

"Ma," binti akasema, macho bado amefumba. "Usimnyamazishe."

Nikautoa mkono. Tukasimama pale wote, mimi na yule muuguzi, tukamsikiliza analia.